Kutoka Kifaru cha Kuchezea Hadi Roboti

Safari hii naomba tuache kidogo habari za viza na ada, tuingie karakana. Wengi wetu tunasoma uhandisi, fizikia au kompyuta, na kanuni ya Ohm tunaijua tangu sekondari. Lakini kuijua kwenye mtihani ni jambo moja, na kuikuta mkononi ikiwa imeshapata moto ni jambo lingine kabisa. Leo tunageuza mdoli wa rimoti uwe roboti inayotembea yenyewe na kukwepa ukuta.

Mimi nina sababu yangu. Mwalimu wa fizikia wa shule niliyosoma nyumbani ameniomba nikija likizo nionyeshe klabu yao ya sayansi kitu ambacho wanafunzi wataweza kukirudia wenyewe nikishaondoka. Shule haina maabara ya umeme. Seti za roboti zinazouzwa kwenye maboksi huku ni nzuri, ila kipande kimoja kikipotea, basi, mchezo umekwisha. Mdoli wa rimoti unapatikana Kariakoo, unapatikana Luthuli Avenue kule Nairobi, na hapa Uingereza kwenye maduka ya mitumba ya hisani unaokota kwa paundi mbili tatu kwa kuwa rimoti yake imepotea. Rimoti yenyewe hatuihitaji.

Kuchagua mdoli ndiyo nusu ya kazi. Magari mengi ya rimoti yana mota mbili: moja inasukuma magurudumu ya nyuma, nyingine inakunja ya mbele, na ile ya mbele kwa midoli ya bei rahisi haijui kukunja kidogo, ni kulia kabisa au kushoto kabisa. Gari la namna hiyo likiingia kwenye kona ya chumba halitoki. Tafuta kifaru, kile chenye minyororo, ambacho kila upande una mota yake. Mota zote mbele, kinaenda mbele. Moja mbele na nyingine nyuma, kinageuka papo hapo kiliposimama. Tena gia, minyororo na bodi vimeshatengenezwa na kiwanda, na hizo ndizo sehemu ngumu kuzitengeneza kwa mkono. Waliowahi kuunda magari ya waya kwa matairi ya kandambili wananielewa.

Haya, chukua bisibisi, fungua. Utakuta sanduku la betri, bodi ndogo ya saketi yenye antena, na waya mbili kwenda kila mota. Kata zile waya karibu na bodi, siyo karibu na mota, ili ubaki na urefu wa kufanyia kazi. Bodi ya zamani weka kando.

Sasa tulia kidogo hapa, maana ndipo vifaa vinapoungulia. Chukua mita, pima ukinzani wa mota ikiwa imesimama. Zungusha mhimili wake taratibu upime mara kadhaa, uchukue kipimo cha chini. Tuseme umepata omu 3. Betri nne za AA zinatoa volti 6. Sita gawanya kwa tatu: ampea 2. Hizo ndizo mota inazivuta ikiwa imezuiwa, mathalani kifaru kimegonga mguu wa kitanda na minyororo imegoma. Ikizunguka bila mzigo inavuta kidogo sana kuliko hapo, kwa sababu mota inayozunguka inazalisha volti zake zinazopinga zile za betri. Ikisimama, upinzani huo unatoweka, unabaki ukinzani wa waya peke yake. Kwa hiyo vifaa vyako usivichague kwa mota inayozunguka, vichague kwa mota iliyokwama.

Ubongo wetu ni Arduino Uno. Kila mguu wake wa kutolea ishara mwisho kabisa ni miliampea 40, na inashauriwa usizidi 20. Ukiunganisha mota ya ampea 2 moja kwa moja hapo, bwana, umeua chipu. Lazima pawe na mtu wa kati anayepokea amri ndogo na kufungulia umeme mkubwa, na anayeweza kuugeuza mwelekeo ili mota irudi nyuma. Saketi hiyo inaitwa daraja la H, kwa sababu ukiichora, swichi nne na mota katikati, inafanana na herufi hiyo.

Chipu inayotajwa sana ni L293D. Ni rahisi, lakini ni ya miliampea 600 kwa kila mota. Kwa mota yetu hesabu imeshakataa. L298N inabeba ampea 2, ina bati kubwa la kupoza joto, ila inakula kama volti 2 njiani: unaipa 6, mota inapata 4 hivi. Kifaru kitaenda polepole, na kwa kuwa volti zimepungua, hata ampea za kukwama zinashuka hadi kama 1.3. Kwa darasa la watoto naipenda hii. Ni ngumu kuiua, na kwa roboti ya kukwepa ukuta polepole si kasoro.

Kuunganisha hakuna maajabu. Tumia betri za mota kwa mota tu, na ubongo upewe betri yake, kwani mota zikianza kwa kishindo volti zinashuka ghafla na Arduino inajizima na kuanza upya; utadhani programu ina kosa, kumbe ni umeme. Lakini waya hasi wa pande zote mbili lazima ukutane. Usipokutana, amri za ubongo hazina pa kupimiwa na mota zitafanya zinavyotaka. Chomelea pia kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kwenye miguu miwili ya kila mota, inyamazishe kelele za umeme.

Macho yake ni sensa ya HC-SR04, ile yenye vikombe viwili mbele. Unaipa mpigo wa mikrosekunde 10, inatoa sauti ya kilohezi 40 ambayo masikio yetu hayasikii, kisha inakuambia mwangwi ulichukua muda gani. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na inakwenda na kurudi, hivyo gawanya mikrosekunde kwa 58 upate sentimita. Ukuta ulio sentimita 20 unarudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 1,166 hivi. Kwenye nyuzi 30 za Dar sauti ni mita 349. Kwenye ukumbi wa baridi wa nyuzi 5 huku ni 334. Kwa umbali huu tofauti haifiki sentimita moja, isikusumbue. Kinachosumbua ni mapazia na mablanketi, maana yanameza sauti, na ukuta ulioukabili kimshazari, ambao unaitupa pembeni.

Programu ni fupi. Nenda mbele. Pima kila baada ya milisekunde 60. Ikiwa chini ya sentimita 25, simama, rudi nyuma nusu sekunde, geuka, endelea. Watu wengi huandika kugeuka kulia na kushoto kwa zamu, na roboti inabaki konani ikitikisa kichwa kama mtu anayekataa chai. Dawa yake: ikishaanza kugeukia upande mmoja, isibadilishe mpaka mbele pawe peupe.

Jambo hili lina historia hapa hapa Uingereza. Mwaka 1948 na 1949, W. Grey Walter wa Bristol, mtafiti wa ubongo, aliunda kobe wawili wa umeme, Elmer na Elsie. Kila mmoja alikuwa na valvu mbili tu, jicho la mwanga na kiguso cha kujua amegonga. Baadhi ya gia zake zilitoka kwenye saa kuukuu. Kompyuta hakuna, na bado walizunguka vizuizi na kuufuata mwanga.

Kwa watakaobeba nyumbani: kama mdoli wako una betri ya lithiamu, betri za akiba haziruhusiwi kwenye begi la chini ya ndege, zibebe mkononi, ncha zake umezifunika kwa utepe. Za AA za kawaida utazikuta dukani ukifika. Bisibisi ndefu nayo iweke kwenye begi la chini, usije ukaiacha uwanjani.