Kitabu cha Kijapani ndani ya gari lako: maswali na majibu

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yaliuzwa kwanza kwa Wajapani, yakaendeshwa huko miaka kadhaa, ndipo yakapakiwa melini. Kitabu cha maelekezo huja na gari kwenye droo ya dashibodi kikiwa Kijapani kitupu, na wenye gari wengi hukitupa wiki ileile. Ninaomba wasikitupe, na katika majibu haya nitaeleza kwa nini.

Shikamoo fundi. Nimenunua Vitz ya 2007. Kitabu chake cha Kiingereza nitakipata wapi?

Marahaba. Tafuta kitabu cha Yaris. Vitz yako iliuzwa Ulaya kwa jina hilo, na Toyota inaweka vitabu vya Yaris kwenye tovuti zake za Uingereza na Marekani, unapakua bila kulipa. Usimpe mtu pesa mtandaoni akuuzie faili ambalo mtengenezaji analitoa bure.

Magari mengine nayo yana pacha kama hao. Honda Fit ni Jazz, Mazda Demio ni Mazda2, Nissan March ni Micra, Toyota Aqua ni Prius c, na Harrier ya kizazi cha kwanza ni Lexus RX. Wenye Premio, Allion na Probox ndio wenye kazi, kwa sababu magari hayo yalilenga soko la Japani na hayana pacha wa Ulaya wala Marekani. Hao watategemea kitabu cha Kijapani chenyewe, na si vigumu kama wanavyodhani.

Basi nikishapakua kitabu cha Yaris, nikifuate chote?

Hapana, na hapa ndipo magari yanapoharibika. Kitabu cha pacha kitakufundisha matumizi: kila swichi inafanya nini, jeki inakaa sehemu gani ya bodi, fyuzi zimefichwa wapi, mkanda wa kiti cha mtoto unafungwaje. Lakini vipimo na aina za oili usivichukue humo kabla ya kuvihakikisha.

Chukua hiyo Vitz yako. Za kizazi hicho zenye injini ya 1.0 na 1.3, nyingi zilikuja na giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za kupanda na kushuka. Yaris ya Marekani ya miaka hiyohiyo ilikuwa na injini ya 1.5 na automatiki ya kawaida ya gia nne. Ukifungua kitabu cha Mmarekani, ukasoma oili ya giaboksi, ukamwambia fundi aimimine kwenye CVT, unaiua giaboksi. CVT inataka oili yake maalumu, na hata za CVT zenyewe zinatofautiana: Toyota ana yake, Nissan ana NS-2 na NS-3, Honda naye ana yake. Nimeona giaboksi nzima zikitupwa kwa kosa hili tu, na inauma kwa sababu jina la oili sahihi lilikuwa limechapishwa kwenye kile kitabu cha Kijapani, tena kwa herufi ambazo kila mtu anazisoma.

Ndiyo maana nasema vitabu vyote viwili vikae ndani ya gari. Cha Kiingereza ni cha kuelewa gari linavyotumika. Cha Kijapani ni cha namba, maana ndicho kilichoandikwa kwa ajili ya gari lako.

Tovuti inadai namba ya tarakimu 17. Kadi yangu ya gari ina namba fupi. Nimeuziwa gari la wizi?

Tulia. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayatumii ile namba ndefu ya VIN. Yanatumia namba ya chesisi, kwa mfano KSP90 ikifuatiwa na mstari na tarakimu saba. Zile herufi na tarakimu za mwanzo ndizo jina halisi la gari. KSP90 ni Vitz ya 1.0, SCP90 ni ya 1.3, ingawa kwa macho huwezi kuzitofautisha. Herufi na tarakimu hizo utazikuta kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya boneti na kwenye cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Usipoteze muda na tovuti zinazodai tarakimu 17. Tafuta kwa jina la pacha, mwaka na ukubwa wa injini.

Mimi sijui hata herufi moja ya Kijapani. Hizo namba nitazisomaje?

Kwa simu. Programu za kutafsiri kwa kamera zinasoma Kijapani vizuri. Pakua lugha hiyo mapema ili ifanye kazi hata pasipo mtandao. Piga picha ukurasa ukiwa umenyooka na wenye mwanga wa kutosha, kisha tafsiri picha hiyo; ukiielekeza kamera tu huku mkono unatikisika, maneno yatakuwa yanarukaruka. Kurasa za vipimo ziko mwishoni mwa kitabu. Sentensi zilizotafsiriwa zinaweza kupinda kidogo, lakini namba na majina kama 5W-30 yasome kwa macho yako mwenyewe pale yalipochapishwa.

Kama kitabu kimepotea, Toyota, Nissan, Honda, Mazda na Subaru wameweka vitabu vya magari mengi kwenye tovuti zao za Japani. Nakili neno hili, 取扱説明書, uliweke kwenye kitafutio pamoja na jina la gari na ile namba fupi ya chesisi. Maandishi ya faili hutafsirika vizuri kuliko picha, kwa hiyo kwa mwenye Probox hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza.

Miaka nayo isikuchanganye. Wajapani huhesabu kwa enzi za wafalme wao. Heisei 19 ongeza 1988, unapata 2007. Reiwa 2 ongeza 2018, unapata 2020.

Na upepo wa tairi: fungua mlango wa dereva, utaona stika kwenye fremu. 前 ni tairi za mbele, 後 ni za nyuma. Vipimo viko kwa kPa, wakati pampu za sheli zetu nyingi zinasoma PSI. Gawanya kwa 6.9, kPa 220 ni PSI 32.

Kila nikiwasha gari, sauti ya mwanamke inaongea Kijapani. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Ni kifaa cha kulipia barabara kuu za Japani, kinakukumbusha kwamba hujaweka kadi. Fundi umeme atakichomoa bila kudhuru kitu.

Kuhusu redio za kule, masafa yake ya FM huanzia 76 na nyingi huishia 90, ndiyo maana vituo vyetu vingi hazivipati. Kuna kifaa kidogo cha kurekebisha hilo, mafundi redio wanacho. Ila kama redio ina ramani, hakikisha kadi ya SD ya ramani ipo na uitunze kabla hujaruhusu mtu yeyote achomoe betri. Redio nyingi za aina hiyo zikikosa umeme hujifunga, na zikirudi huidai kadi hiyohiyo.

Naishi Ujerumani, gari langu lina kitabu cha Kijerumani tu.

Wewe una nafuu. Gari lako lina VIN, na watengenezaji wengi wanatoa kitabu cha Kiingereza kwenye tovuti ya Uingereza. Kumbuka tu kwamba gari la Mwingereza usukani uko kulia, hivyo baadhi ya michoro utaisoma kinyume.

Droo ina kijitabu kingine chembamba chenye mihuri. Hicho nitupe?

Hicho kitunze kuliko vyote. Ni rekodi ya matengenezo. Gari binafsi likiwa jipya Japani hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na karakana zinazolihudumia huandika humo tarehe na kilomita. Kama bado uko yadi hujalipa, omba kukiona kabla ya kuzungumza bei, kisha linganisha na dashibodi. Ukikuta humo kilomita 98,000 kwa Heisei 26, yaani 2014, na dashibodi leo inasoma 71,000, mita imerudishwa nyuma. Tafuta gari jingine.