Somo la Robo Hii: Simu Haimbebi Mgonjwa

Katika toleo hili tunajifunza namna ya kuratibu huduma ya afya kwa njia ya simu na mtandao, yaani tiba mtandao, kwa wazee wetu waliopigana vita na ambao leo wanaishi vijijini. Tunaomba kila kamati isome somo hili kwa pamoja na kujadili maswali yaliyo mwishoni.

Wazee hawa ni akina nani?

Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Pamoja na askari wa JWTZ walikwenda polisi, magereza, vijana wa JKT na mgambo kutoka vijijini. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka zaidi ya 100. Hata aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70.

Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa waliokufa. Waliorudi hai tunao Musoma, Bunda na Butiama. Wana magonjwa ya uzee kama shinikizo la damu, kisukari na macho. Wapo pia wenye majeraha ya zamani, masikio yaliyoharibiwa na milio ya mizinga, na usingizi wa kushtuka usiku ambao wenyewe hawauhesabu kuwa ugonjwa. Hospitali ya jeshi ya Lugalo iko Dar es Salaam, na Bugando iko Mwanza. Hata Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, ni safari ndefu kwa mzee anayetembelea fimbo.

Tulikosea wapi?

Tunakiri kwamba mwanzoni tulidhani kazi ni kupata simu na namba ya daktari. Tulimwunganisha mzee mmoja na daktari kwa simu. Mzee alijibu kila swali, "Ndiyo, daktari," kwa adabu kama ya askari mbele ya mkubwa wake. Tukaondoka tukiamini tumemaliza kazi. Tulipomtembelea tena, tulikuta ameacha dawa zake za shinikizo. Hakuwa amesikia maswali wala maelekezo. Masikio yake yalibaki vitani, nasi hatukumwuliza.

Kosa hilo lilitufundisha kwamba simu inapeleka sauti tu. Lazima awepo mtu wa kukaa na mzee, kumpima, kurudia maneno ya daktari karibu na sikio lake, kuyaandika, na kurudi wiki inayofuata kuona kama yamefuatwa.

Wengine wamefanyaje?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema tiba ya mbali isaidiane na huduma ya ana kwa ana, isichukue nafasi yake. Mwaka huohuo nchini Marekani, katika mji mdogo wa Eureka, jimbo la Montana, kilifunguliwa chumba cha tiba mtandao ndani ya ukumbi wa chama cha wanajeshi wastaafu. Huduma iliwekwa mahali ambapo wazee walikuwa wamezoea kwenda.

Sisi tuna ofisi za sharika, na wazee wanazijua. Katika Marko sura ya 2 tunasoma habari za mgonjwa aliyeteremshwa kupitia darini. Kamba zilihitajika, lakini wabebaji walikuwa watu wanne. Kwetu simu ni kamba, na kamati ndiyo wabebaji.

Hatua za kufuata

1. Kamati ya diakonia iandike majina ya wazee hawa, wa madhehebu na dini zote. Daftari lifungiwe kabatini. Taarifa za ugonjwa ni siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda.

2. Mganga mfawidhi wa zahanati ashirikishwe kabla ya daktari wa mbali. Dawa zitatoka kwake au kwa kibali chake.

3. Ichaguliwe siku moja ya kudumu na chumba chenye utulivu. Simu iwe na chaji na vocha.

4. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ampime mzee akiwa ameketi na kupumzika dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo, mara mbili. Vipimo vikirudia kufika 140/90 au zaidi siku tofauti, daktari aarifiwe.

5. Maumivu makali ya kifua, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla visisubiri simu. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

6. Kila ushauri uandikwe pamoja na jina la atakayeufuatilia na tarehe.

Kamati ziulize pia katika halmashauri kuhusu utaratibu wa matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo, jambo lililowekwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.

Kwa wafadhili wetu

Tunashukuru kwa moyo wenu. Ni rahisi kuchangia simu, kwa kuwa hupigwa picha na kuonekana katika taarifa. Tunaomba mfikirie pia nauli ya bodaboda ya mhudumu, betri za kipimo cha shinikizo na posho ya anayetunza daftari. Vikikosekana hivyo, simu nzuri itamwita mzee asiyesikia.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, ni wazee wangapi walipigana vita, na nani aliwatembelea mwezi uliopita?
2. Nani kati yetu atakaa na mzee daktari anapozungumza?
3. Simu ikikatika au mtandao ukipotea siku ya huduma, tutafanya nini?

Tunaomba majibu yenu yafike ofisi ya miradi kabla ya toleo lijalo. Wazee hawa hawana miaka mingi ya kutusubiri.