Nepentesi: mla wadudu anayehitaji mwenza

Ninaishi Tanga. Mmea huu wa mitungi utaota kwangu?

Utaota, tena kwa raha kuliko ule wa Carolina unaofumba majani yake juu ya nzi, maana huo hudai miezi ya baridi kila mwaka. Nepentesi hupenda joto na unyevu. Bara la Afrika haioti porini, lakini majirani zetu wa bahari hii wanayo: Madagaska na Shelisheli. Mfaransa Étienne de Flacourt aliielezea ile ya Madagaska katika kitabu chake cha mwaka 1658. Tafuta aina za nyanda za chini, kama ampullaria au rafflesiana. Za milimani, mfano rajah ya Borneo, hutaka usiku wa baridi.

Udongo gani, maji gani?

Samadi usiiguse. Mmea huu umezoea udongo fukara, ndiyo maana hujipatia naitrojeni kwa wadudu. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na vipande vya mkaa yanafaa. Ila kama yalifukiwa ufukweni ili kusokotwa kamba, yana chumvi: yaloweke, yasuuze, urudie tena na tena. Mwagilia maji ya mvua.

Niulishe nyama?

Hapana. Nyama huoza, na mtungi huoza nayo. Sisimizi hufuata utamu wa ukingoni wenyewe. Ukingo ukilowa huteleza, nao hutumbukia.

Umechanua, mbona hakuna mbegu?

Kwa sababu kila mche ni dume au jike, na hutajua mpaka uchanue. Vipandikizi vya jike vyote ni majike, hata ukiwa navyo kumi. Tazama ua kwa karibu. La kiume lina kijiti chenye kitufe cha unga wa njano kichwani. La kike lina kifuko cha kijani kilichonona, na ncha yake hung'aa na kunata linapokuwa tayari.

Chuma ua la kiume kwa kibanio, ulipakaze taratibu kwenye ncha hiyo mpaka uone njano imebaki. Maua hufunguka kuanzia chini ya kikonyo kwenda juu, kwa hiyo rudia kila asubuhi kwa siku kadhaa.

Taabu kubwa ni kwamba dume na jike hawachanui pamoja kila mara. Chavua ya dume lililotangulia ikunjwe kavu ndani ya karatasi ya foili, iwekwe kwenye friza. Natamani kila mwenye nepentesi aandike jinsia ya mmea wake na kuwajulisha wakuzaji wenzake, wapeane chavua. Tusipofanya hivyo tutaagiza miche nje daima, na biashara hiyo ya kimataifa hubanwa na mkataba wa CITES.

Vifuko vikishika?

Baada ya miezi michache hugeuka kahawia na kupasuka. Vivishe mapema kitambaa chepesi, kwani mbegu ni nyembamba kama nyuzi na upepo huzichukua. Zisambaze zikingali mpya juu ya makumbi mabichi, penye mwanga, bila kuzifukia.