Uvimbe wa Titi: Damu Peke Yake Haitoi Jibu

Akina mama hutuuliza: "Nina uvimbe kwenye titi. Je, siwezi kupimwa damu tu nikajua kama ni kansa?" Swali hili tunalielewa. Kutoka Ukerewe au Ukara hadi Mwanza mjini ni nauli na siku za kazi, na wengi huogopa sindano ya kwenye titi kuliko ile ya mkononi.

Kipimo cha damu kipo. Seli za saratani, na hata baadhi ya seli za kawaida, hutoa protini zinazoingia katika damu. Inayopimwa zaidi kwa saratani ya titi huitwa CA 15-3. Tatizo ni kwamba saratani ikiwa bado changa, wakati ule ambapo tiba ingefaa zaidi, mara nyingi protini hiyo haijapanda. Mama anaweza kuwa na saratani na karatasi ya maabara ikasema "kawaida". Anarudi nyumbani akishukuru, na uvimbe unaendelea kukua. Hilo ndilo linalotutia hofu. Kinyume chake pia hutokea: ugonjwa wa ini, au uvimbe wa titi usio saratani, huweza kuipandisha CA 15-3, na mama akakosa usingizi bure.

Kipimo hiki kina kazi yake. Kwa mgonjwa ambaye saratani imesambaa na yuko kwenye matibabu, daktari huweza kulinganisha kiasi cha leo na cha miezi iliyopita. Lakini kutenganisha uvimbe na uvimbe, hakiwezi.

Kazi hiyo huanza kwa mkono wa daktari, ikafuata picha: ultrasaundi hasa kwa wanawake vijana, mamografia kwa wenye umri mkubwa. Kisha sindano huchukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, nacho hutazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo jibu lilipo. Uvimbe mwingi si saratani. Kwa msichana wa miaka 20, kijiuvimbe kinachoteleza chini ya vidole mara nyingi hakina hatari. Kwa anayenyonyesha, uvimbe wenye joto na maumivu huenda ni jipu. Hata hivyo, daktari mzoefu hawezi kuapa kwa kupapasa tu. Na wale wanaosema sindano "huuamsha" uvimbe wanakosea: haigeuzi uvimbe wa kawaida kuwa saratani. (Akina baba, nanyi mna matiti. Saratani hii huwapata wanaume pia, ingawa kwa nadra.)

Hospitali ya Rufaa ya Bugando hapa Mwanza hutibu saratani, hivyo si kila mgonjwa wa Kanda ya Ziwa anayelazimika kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Kama ulishapimwa damu, nenda na karatasi hiyo, lakini usikubali iwe mwisho wa safari. Majibu ya kipande cha nyama hayatoki siku hiyohiyo. Kabla ya kupanda meli kurudi kisiwani, uliza tarehe ya kuyafuata, na uache namba ya simu, hata ya jirani.