Mafuta ya Giaboksi Yakizidi Joto: Somo kwa Madereva wa Magari Makubwa

Mshale wa joto ulioko kwenye dashibodi huonesha joto la maji ya injini. Hauoneshi joto la mafuta ya giaboksi. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza madereva wengi wa magari makubwa ya gia otomatiki, yakiwemo ya umma, yanayopita Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, Chamazi na Toangoma: mshale umetulia katikati, ilhali chini ya sakafu mafuta yanaungua.

Katika hali ya kawaida, mafuta hayo hufanya kazi yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Gari likivuta mzigo au likipanda mlima, joto huweza kupita nyuzi 100 kwa muda mfupi bila madhara makubwa. Likivuka 120 na kubaki huko, mafuta huchakaa upesi. Makadirio yanayotumiwa na mafundi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 hivi hupunguza umri wake kwa nusu. Sili za mpira hukakamaa, klachi za ndani huteleza, na mafuta yaliyokuwa mekundu hugeuka kahawia yenye harufu ya kuungua.

Wengi hudhani mwendo kasi ndio unaochemsha giaboksi. La hasha. Nguvu ya injini huingia kwenye giaboksi kwa kupitia mafuta: pangaboi moja huyasukuma, nayo huzungusha pangaboi la pili. Kwenye barabara iliyonyooka, mapangaboi hayo hufungwa pamoja na mafuta hupata nafuu. Kwenye foleni ya Mtoni kwa Aziz Ally, au kwenye mchanga na tope la barabara za mitaa wakati wa masika, la kwanza huzunguka haraka kuliko la pili, na tofauti hiyo hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana dereva mzoefu huweka 4L kabla ya kuingia kwenye tope, wala hasubiri mpaka gari likwame.

Jambo jingine ni maji ya rejeta. Katika magari mengi, mafuta ya giaboksi hupoozwa na bomba lililomo ndani ya rejeta hiyo hiyo. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo yaliyo karibu katika mitaa mingi, hujenga ukoko na kutu. Bomba likitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na mafuta hugeuka meupe kama maziwa. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena. Livutwe hadi gereji.

Taa ya onyo la joto la mafuta ya giaboksi ikiwaka, dereva asimame mahali salama, aweke gia kwenye P na kuiacha injini ikiunguruma. Akiizima, pampu husimama na mafuta hayazunguki tena kupozwa. Taa ikizimika, safari iendelee taratibu. Isipozimika, aitwe fundi.

Kwa upande wa mafundi, giaboksi nyingi za kisasa hazina stiki ya kupimia. Kiwango hupimwa kwa kufungua kizibo cha chini, injini ikiwa imewashwa na mafuta yakiwa na joto la karibu nyuzi 40, kwa kufuata kitabu cha gari husika. Anayepima gari lililotoka safarini hukuta mafuta yametanuka, huyaacha yamwagike, na kesho yake giaboksi huwa na upungufu.