Siri ya Mgonjwa na Daftari la New York

Somo letu leo ni kifua kikuu, ila kwa upande ambao sisi wanafunzi wa sharia tunaujua kwa jina la amana. Je, daktari aliyeaminiwa na mgonjwa anaruhusiwa kulipeleka jina lake serikalini?

Jiji la New York lilikutana na swali hili zamani. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu. Wengi walidhani ni cha kurithi. Hermann Biggs wa idara ya afya ya jiji akaona kwamba, kama ugonjwa unaambukiza, lazima ijulikane uko nyumba gani. Mwaka 1894 hospitali na taasisi za umma zikaamriwa kutoa taarifa za wagonjwa wao, na mwaka 1897 amri ikawafikia madaktari wote. Idara ilipima makohozi bure. Wakaguzi walikwenda majumbani kufundisha namna ya kujikinga, na chumba cha aliyefariki kilisafishwa kwa dawa.

Madaktari wengi walipinga, wala hawakuwa wakitia chumvi. Mgonjwa akijulikana aliweza kufukuzwa kazi au kukosa chumba cha kupanga. Na tiba haikuwepo. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Mtu alitoa jina lake, akapewa ushauri wa kutema makohozi ndani ya chombo.

Imam Nawawi, katika Riyadh al-Salihin, ametaja hali sita zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, mojawapo ikiwa kuwatahadharisha watu na madhara. Fatima bint Qays alipoomba ushauri kuhusu waliomposa, Mtume (s.a.w.) alimweleza kasoro za Muawiya na Abu Jahm. Ila aliyeelezwa ni yeye, mwenye haja. Daftari la Biggs nalo halikufunguliwa kwa umma, na kwa hilo naona alikuwa upande wa haki.

Panaponitatiza ni baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 jiji lilianza kuwaweka kwa nguvu wagonjwa walioitwa wakaidi katika Hospitali ya Riverside, kwenye kisiwa cha North Brother. Walioandamwa zaidi ni maskini. Mwenye daktari wake binafsi hakutembelewa na mkaguzi, mradi daktari huyo akubali kumfundisha mwenyewe. Kumfungia mtu ni mlango mwingine kabisa wa fiqhi, na ruhusa ya kutaja jina haiufungui.