Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Pima Maneno Kabla ya Kuingiza Ng'ombe Mgeni Zizini



Mnadani kila mtu anavutia upande wake. Muuzaji anataka bei nzuri, dalali anataka biashara iishe leo apate chake, muuza dawa anataka chupa zitoke. Si lazima wawe waongo. Mara nyingi mtu huamini kweli lile linalomfaa, kisha hukuambia kwa moyo mweupe. Ndivyo homa ya mapafu ya ng'ombe inavyoweza kuingia katika boma lako.

Ugonjwa unaojificha

Homa ya mapafu huambukizwa kwa pumzi, ng'ombe wanapokaa karibu karibu. Dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, hata miezi. Ng'ombe mgonjwa hukohoa, hasa akiswagwa, hupumua kwa shida, hunyoosha shingo na kutanua miguu ya mbele. Wengine hupata nafuu na kunenepa, huku ndani ya pafu kukibaki sehemu iliyokufa yenye vimelea hai. Sindano ya antibayotiki inaweza kutuliza kikohozi bila kumponya ng'ombe kabisa.

Tanzania ilikaa bila ugonjwa huu tangu 1964. Mwaka 1990 uliingia tena kupitia mpaka wa kaskazini, ukasambaa mkoa hadi mkoa pamoja na ng'ombe waliohamishwa.

Nani anasema nini, na kwa nini

- *Muuzaji:* "Alikuwa na mafua, nimemchoma sindano, amepona." Anamwona anakula vizuri, naye anahitaji ada ya shule. Huenda anaamini anachosema.
- *Dalali:* "Mwenye ng'ombe huyu namfahamu, hana tatizo." Dalali hulipwa ng'ombe akiuzwa. Yatakayotokea zizini kwako baada ya miezi miwili hayamhusu.
- *Jirani:* "Chanjo inakata mikia." Ni kweli mkia unaweza kuvimba palipochomwa, na wakati mwingine hukatika. Lakini ambaye hakupeleka ng'ombe wake kuchanjwa hupenda kulitaja hilo tu, kwa sababu linampa haki.
- *Wewe mwenyewe:* Umetembea mbali, fedha iko mfukoni, bei iko chini. Unatamani awe mzima, kwa hiyo neno "mafua" linakutosha.

Huyu wa mwisho ndiye mgumu kumshtukia. Ng'ombe wako akikohoa, utapenda pia kusema ni vumbi, maana karantini ikiwekwa huwezi kuuza. Lakini ukinyamaza, kundi lako na la jirani yako yatakunywa maji pamoja na mgonjwa.

Hatua za kufuata

1. Jiulize: nikiamini maneno haya, nani anafaidika? Yakiwa si kweli, hasara ni ya nani? Ikiwa faida ni yake na hasara ni yako peke yako, usinunue kwa maneno matupu.
2. Tafuta anayejua lakini hapati kitu, kama mchungaji anayelisha karibu na kundi la muuzaji. Muulize kama kuna ng'ombe waliokohoa au kufa kule.
3. Muulize afisa mifugo. Kama naye ndiye anayekuuzia dawa, mpime kwa kipimo kile kile: mwombe akueleze ni ugonjwa gani na ameujuaje.
4. Mswage ng'ombe kidogo, kisha simama usikilize pumzi yake. Dai kibali cha kusafirisha mifugo.
5. Mtenge mgeni kwa zizi, malisho na maji angalau mwezi mmoja. Hata baada ya hapo endelea kumchunguza, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kujificha zaidi ya hapo.
6. Chanja kila mwaka chanjo inapotolewa. Kinga yake haidumu maisha yote, na haitibu aliyekwisha kuugua.
7. Ukiona kikohozi kwako, toa taarifa mapema.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

- Mara ya mwisho uliponunua ng'ombe, ulimwamini nani? Alipata nini?
- Ni habari gani kuhusu mifugo yako usingependa iwe kweli? Nani anaweza kukueleza bila kukuficha?
- Tufanye nini ili anayetoa taarifa ya ugonjwa asionekane adui wa wenzake?

Anayekuambia jambo usilopenda kusikia, naye hapati kitu kwa kulisema, msikilize mara mbili.